Deni la Kimya: Kusoma Mwendelezo wa Hadithi Uliochelewa

Mpenzi msomaji, yamkini umewahi kupatwa na jambo hili. Unasoma hadithi inayotolewa sehemu kwa sehemu, iwe gazetini, iwe mtandaoni, iwe katika daftari la rafiki. Mara hadithi inakatika pale hasa ilipokuwa tamu. Unangoja wiki, unangoja mwezi, hatimaye unakata tamaa. Miaka inapita. Siku moja, bila taarifa, sehemu nyingine inatokea. Unaifungua kwa pupa. Je, utaisomaje? Utaihukumu kwa vigezo gani?

Darasani tumezoea kuizungumzia taharuki kana kwamba ni ndoano tu: mwandishi anamtundika msomaji juu, kisha anamteremsha katika sura inayofuata. Hatuulizi ikiwa msomaji ametundikwa kwa miaka sita au kumi. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba mwendelezo uliochelewa una kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kujibu swali, "Kisha kukatokea nini?" Kazi ya pili, ambayo ndiyo ngumu, ni kulilipa deni la kimya: kukiri kwamba wakati umepita, kwa wahusika na kwa msomaji pia. Kazi inayolisahau deni hili humwacha msomaji akiwa na majibu yote lakini bila kuridhika.

Hadithi za mashabiki

Uwanja unaolidhihirisha jambo hili vyema siku hizi ni hadithi za mashabiki. Hizi ni hadithi ambazo wasomaji wenyewe huziandika wakitumia wahusika na mandhari ya kazi waliyoipenda. Aghalabu hawalipwi chochote. Mtu amesoma riwaya, hajaridhika na hatima ya mhusika fulani, basi anashika kalamu na kumwendeleza. Katika intaneti kuna maktaba kubwa za kazi za namna hii. FanFiction.Net ilianza mwaka 1998, na Archive of Our Own ikafunguliwa kwa umma mwaka 2009. Hii ya pili ilipata tuzo ya Hugo mwaka 2019, ishara kwamba uandishi huu hauchukuliwi tena kuwa mchezo wa watoto.

Kwa kuwa mwandishi shabiki huandika baada ya kazi au masomo, hadithi nyingi hukwama njiani. Mtihani umekaribia, mtoto amezaliwa, hamu imekwisha. Nyingine huamka baada ya miaka mingi, na mara nyingi sura mpya hutanguliwa na maneno machache ya kuomba radhi. Msomaji wa zamani naye hurudi sura ya kwanza kwanza, kwa maana amesahau nani alimpenda nani. Kitendo hiki cha kurudi nyuma si kidogo kihakiki, na nitakigusia tena mbele.

Mwalimu mwenzangu, usidhani kwamba mambo haya yako mbali na fasihi tunayoifundisha. Tunapofundisha mwingiliano matini tunasema kwamba hakuna matini inayozaliwa peke yake. Hadithi ya shabiki ni mwingiliano matini ulio wazi kabisa. Na suala la mwendelezo uliochelewa ni la kale kuliko intaneti.

Miaka kumi ya Sherlock Holmes

Mfano mashuhuri ni wa mpelelezi Sherlock Holmes. Desemba 1893, katika jarida la Strand la Uingereza, Arthur Conan Doyle alichapisha hadithi ambamo Holmes anatoweka katika maporomoko ya maji ya Reichenbach, nchini Uswisi, akipambana na adui yake Profesa Moriarty. Doyle alikuwa amemchoka mhusika wake. Alitaka kuandika riwaya za kihistoria. Wasomaji hawakuchoka. Katika kimya kile watu wengine walianza kumshughulikia Holmes kwa njia zao. Mwaka 1899 mwigizaji Mmarekani William Gillette alimpandisha jukwaani katika tamthilia, kwa idhini ya Doyle.

Kati ya mwaka 1901 na 1902 Doyle alitoa riwaya nyingine ya Holmes, lakini matukio yake aliyaweka kabla ya kile kifo. Mwaka 1903 ndipo alipomrudisha hasa, katika hadithi ya nyumba tupu. Kwa wasomaji ilikuwa miaka kumi. Kwa wahusika ni miaka mitatu tu, kuanzia 1891 hadi 1894.

Tazama jinsi Doyle anavyomrudisha. Daktari Watson, msimulizi, amefiwa na mkewe katika kipindi hicho. Njiani anagongana na mzee muuza vitabu, na vitabu vinaanguka. Baadaye mzee huyo anamfuata nyumbani na kumshawishi anunue vitabu, akimwonyesha kwamba rafu yake ina pengo ambalo vitabu vitano vingetosha kuliziba. Watson anageuka kuitazama rafu. Akirudisha macho, aliyesimama mbele yake si mzee tena bali ni Holmes. Watson, askari wa zamani aliyeona vita, anazimia.

Mtahiniwa akiulizwa umuhimu wa tukio hili, pengine atajibu "kujenga taharuki" au "kuonyesha ustadi wa Holmes wa kujigeuza". Majibu hayo si makosa, ila hayatoshi. Lile pengo la rafuni ni pengo la hadithi zenyewe. Na kuzimia kwa Watson ni malipo ya sehemu ya deni: mwili wa mhusika unakiri uzito wa miaka ambayo maneno hayawezi kuibeba. Maelezo ya Holmes kuhusu mbinu ya mieleka iliyomwokoa ni mepesi mno, na wapo wasomaji ambao hadi leo hawayaamini. Lakini kule kuzimia tunakuamini.

Hata hivyo Doyle hakulipa deni lote. Holmes alimwacha rafiki yake aomboleze kwa miaka mitatu, ilhali kaka yake Mycroft alijua ukweli. Sababu anayoitoa ni kwamba Watson alipaswa kuamini kifo kile ili maandishi yake yaaminike. Watson anapoambiwa hayo, anasamehe papo hapo. Hasira iko wapi? Wasomaji wengi wameliuliza swali hili. Januari 2012 kipindi cha BBC kuhusu Holmes kilimwangusha mpelelezi huyo kutoka juu ya jengo la hospitali, kikamrudisha tarehe 1 Januari 2014. Safari hii Watson anampiga. Zaidi ya hayo, watunzi waliingiza ndani ya kipindi kikundi cha mashabiki wanaobuni nadharia za jinsi Holmes alivyonusurika. Walijua kwamba watazamaji hawakukaa bure katika kimya kile, walikuwa wakitunga.

Doyle mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwendesha mashua mmoja wa Cornwall alimwambia kuwa huenda Holmes hakufa alipoanguka, lakini tangu hapo hakuwa tena mtu yule yule. Huu ni uhakiki wa mtu asiyekuwa na shahada, na umebeba swali zito: Je, aliyebadilika ni mhusika, ni mwandishi, au ni msomaji?

Bwana Msa na wasomaji wake

Kwetu Afrika Mashariki tunaye Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, na sahibu yake Najum. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliwaumba wawili hawa kwa mfano wa Holmes na Watson, ingawa aliwavika utamaduni wa visiwani hadi wakawa wetu. Ukipenda, unaweza kusema kwamba fasihi ya Kiswahili ya upelelezi ilianza na shabiki aliyemsoma Doyle akaamua kuandika yake.

Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau. Kisima cha Giningi ikaja mwaka 1968. Katikati ya vitabu hivyo Zanzibar ilipata uhuru Desemba 1963, na Mapinduzi yakatokea Januari 1964. Msomaji aliyemjua Bwana Msa mwaka 1960 alikutana naye tena akiwa katika nchi nyingine, ingawa hakuhama nyumba. Vivyo hivyo, Mwana wa Yungi Hulewa ilitoka mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Jina hilo la mwisho lenyewe linamjongelea msomaji wa siku nyingi: yule tuliyezoea kuwa hakosei anarudi na neno "kosa" likiwa limeandikwa juu ya jalada. Kila kitabu hapa ni kisa kamili, kwa hiyo deni lake ni dogo kuliko la hadithi iliyokatizwa. Lakini hata hapo, msomaji huja na miaka yake mkononi.

Daftari la mwanafunzi wangu

Sasa niruhusu, msomaji, nikueleze kisa kilichonifanya niyaandike haya. Mwaka 2014 nilikuwa mwalimu mchanga, nikifundisha kidato cha tatu. Riwaya teule ilikuwa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Waliowahi kuifundisha wanamkumbuka Mashaka, binti wa Mtemi Nasaba Bora, aliyerukwa na akili baada ya Ben Bella kumwandikia barua ya kuvunja uhusiano wao. Ni mhusika mdogo, wala riwaya haikumpa nafasi kama waliyopewa Amani na Imani.

Mwanafunzi wangu mmoja hakuridhika na hali hiyo. Alinunua daftari la kurasa 96 akaanza kuandika maisha ya Mashaka baada ya kuugua. Daftari lilizunguka kutoka dawati hadi dawati. Nilikuwa nikisikia vicheko nyuma ya darasa nisijue chanzo. Alifika sura ya tano. Mashaka amesimama katika kituo cha matatu, mkononi ana barua ya pili ya Ben Bella ambayo hajaifungua. Gari linapunguza mwendo. Hapo ndipo nilipolinyakua daftari, sentensi ikiwa katikati, na kulifungia kabatini kwa kuwa lilikuwa likipoteza wakati wa somo.

Nililirudisha mwisho wa muhula. Hakuandika tena. Wala sikulifikiria sana jambo hilo wakati huo, ingawa siku hizo hizo nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi, kwa ukali mwingi, ubaya wa Majisifu aliyeiba mswada wa Amani. Kweli nyani haoni kundule.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Aprili mwaka huo Ken Walibora akafariki. Wiki chache baadaye nilipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa nambari nisiyoijua. Zilikuwa picha za kurasa zilizoandikwa kwa mkono: sura ya sita. Nilipompigia simu, aliniambia, "Mwalimu, Walibora alipofariki nilijua hakuna atakayeniambia kama Mashaka alipona. Ikabidi nimalize mwenyewe."

Tathmini ya sura ya sita

Niliisoma kwa pupa, kisha nikamwomba anitumie na sura tano za kwanza. Niliposoma upya tangu mwanzo ndipo nilipoielewa sura ya sita. Nitaitathmini hapa kama ninavyotathmini kazi nyingine yoyote, kwa ruhusa yake.

Nguvu yake kubwa iko katika mwanzo. Sura ya tano ilikatika kwa maneno, "Gari lilipopunguza mwendo, Mashaka ali". Ningetarajia mwandishi aimalizie sentensi ile, kana kwamba hakuna kilichotokea. Badala yake anaanza hivi: "Mashaka hakupanda gari lile. Hakupanda gari lolote kwa miaka sita." Kwa sentensi mbili fupi analipa deni. Kimya cha mwandishi kimegeuzwa kuwa kimya cha mhusika. Mashaka alikuwa pale kituoni muda wote ambao sisi tulikuwa tumemsahau. Wino wa barua umefifia kwa mvua, na vibanda vya kituo vimebomolewa na kujengwa tena. Hii ndiyo tofauti kati ya mwendelezo unaoruka pengo na ule unaolitumia pengo.

Jambo la pili ni mhusika mpya, mzee wa kituo mwenye koti la kaki. Mzee huyu anamnyang'anya Mashaka barua akimwambia, "Nitakuwekea, binti, usije ukaipoteza." Anaitia mfukoni. Siku nyingine anamrudishia bila kusema neno, na Mashaka anaipokea bila kusema neno. Nilisoma sehemu hii mara nne. Nilikuwa nikitafuta mahali ambapo Mashaka anamsamehe mzee, au anapomlaumu. Hakuna. Kama mhakiki, nasema ukimya huo ni ustadi, kwani unamwachia msomaji kazi. Kama mtu aliyewahi kufunga kabati, ningependa sentensi moja zaidi. Lakini mwandishi hakuwa na wajibu wa kunipa.

Udhaifu upo pia. Kurasa za mwisho zimejaa matukio: kuna harusi, kuna ajali, kuna sadfa ya kukutana hospitalini. Hofu ya kukatizwa tena imemfanya akimbie. Aidha, ucheshi umepotea. Katika sura za mwanzo Mashaka aliwajibu watu kwa kejeli, na darasa lilicheka nayo hadi nikasikia. Katika sura ya sita kila anapofungua kinywa anatoa methali. Katika ukurasa mmoja nilihesabu methali tano, nahau mbili na tashbihi moja, zote zikiwa sahihi na zimepangwa kama askari gwarideni.

Mwanzoni niliamini kwamba mwandishi amekua, na utu uzima umeondoa mzaha, kama yule mwendesha mashua alivyosema kuhusu Holmes. Baadaye nilitoa madaftari ya zamani ya insha nikayatazama maelekezo yangu ya kalamu nyekundu: "Pamba lugha." "Methali ziko wapi?" "Ucheshi huu haufai." Kumbe ule mtindo haukutoka kwa umri. Ulitoka kwangu. Nilikuwa nikimwandaa kwa Karatasi ya 102/1, na alipata alama nzuri. Lakini aliporudi kwenye hadithi aliyoipenda, alirudi akiwa amevaa sare.

Nilimweleza hayo kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi sura ya saba nitaiandika kama zamani, Mwalimu, na wewe usiisahihishe." Sura ya saba ilifika mwaka uliofuata. Sikuisahihisha. Nilicheka.

Mtahiniwa na mwalimu wafanye nini?

Kutokana na mifano hii, napendekeza mambo manne kwa yeyote anayetathmini mwendelezo wa hadithi, uwe umechelewa kwa mwaka mmoja au kumi.

Kwanza, soma upya mwanzo kabla ya kuhukumu mwisho. Kumbukumbu hupunguza na huongeza. Huenda unayemlilia si mhusika aliyeandikwa bali ni yule uliyejitungia wakati wa kungoja.

Pili, tafuta jinsi matini yenyewe inavyolizungumzia pengo. Je, wahusika wamezeeka? Mandhari yamebadilika? Kuna mtu aliyeumia kwa kungoja, kama Watson? Ukipata jibu, umepata hoja ya fani na hoja ya maudhui kwa pamoja.

Tatu, tenganisha furaha ya kurudi na ubora wa kazi. Kukutana na rafiki aliyepotea kunafurahisha hata akiwa na habari chache. Mhakiki akubali furaha hiyo, kisha aulize kazi imefanya nini.

Nne, nikirejelea insha ambapo mtahiniwa hupewa mwanzo au mwisho wa kisa: maneno yale uliyopewa ni hadithi ya mtu mwingine iliyokatizwa, nawe unaiendeleza. Usiyatupe baada ya aya ya kwanza. Rejelea hali yake na sauti yake. Na ukitumia methali, itumie kwa sababu mhusika angeitumia, usiitumie kwa sababu ya mtahini.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja tu. Ukiona daftari likizunguka darasani na vicheko vikilifuata, lisome kabla ya kulifungia. Likibidi kungoja hadi kipindi kiishe, lingoje. Nilipomrudishia mwanafunzi wangu daftari lake nilidhani nimerudisha kila kitu, kwa kuwa kurasa zote zilikuwemo.

Maswali ya mjadala darasani

1. "Taharuki hubadilika kadiri muda wa kungoja unavyorefuka." Jadili kauli hii ukirejelea riwaya mnayoisoma.

2. Chagua mhusika mdogo katika riwaya teule ambaye hatima yake haikushughulikiwa kwa kina. Andika ukurasa mmoja wa maisha yake miaka sita baadaye, kwa namna itakayomwonyesha msomaji kwamba wakati umepita.

3. Mzee wa kituo katika sura ya sita hakusamehewa wala kulaumiwa. Eleza faida na hasara za mwandishi kuuacha ukimya huo.